Kifo cha K: Riwaya ya Kokoro na Desturi ya Kale ya Kumfuata Bwana Kaburini

Riwaya ya Kokoro ya Natsume Soseki, iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la Asahi kuanzia tarehe 20 Aprili hadi tarehe 11 Agosti 1914, ina vifo viwili vya kujiua ambavyo wasomaji wa Japani wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja. Cha kwanza ni cha mwanafunzi wa chuo kikuu anayetajwa kwa herufi moja tu, K, ambaye anajitoa uhai katika nyumba ya kupanga jijini Tokyo, karibu na mwanzo wa karne ya 20. Cha pili ni cha rafiki aliyekuwa akilala chumba cha jirani usiku ule, mtu ambaye msimulizi kijana humwita Sensei, yaani mwalimu, au mtu anayestahiwa kwa elimu na umri wake, na ambaye mwaka 1912 anaamua kuyakatisha maisha yake akidai kwamba anazifuata zama za Mfalme Meiji zilizokwisha. Wachambuzi wengi wamekisoma kifo cha kwanza kama kisa cha mapenzi na cha pili kama masalia ya uaminifu wa samurai. Hata hivyo, historia ya desturi ambayo Sensei anaitaja inaonyesha kwamba maelezo hayo ya pili ni vazi la kuazima, na kwamba Sensei alilihitaji kwa sababu kifo cha K kilikuwa cha aina mpya, ambayo jamii yake haikuwa na namna iliyozoeleka ya kuieleza.

Desturi yenyewe inaitwa junshi, nayo ni tendo la mtumishi kujiua baada ya bwana wake kufa ili amfuate. Asili yake ni ya kale sana. Kumbukumbu za Kichina za karne ya 3 zinasimulia kwamba malkia Himiko, aliyetawala sehemu ya visiwa vya Japani, alizikwa pamoja na watumishi zaidi ya mia moja, na kitabu cha historia cha Nihon Shoki, kilichokamilishwa mwaka 720, kinasimulia jinsi Mfalme Suinin alivyosikitishwa na vilio vya watu waliozikwa hai kandokando ya kaburi la ndugu yake, akakubali ushauri kwamba sanamu za udongo ziwekwe badala yao. Wanaakiolojia wanasema sanamu hizo, zinazoitwa haniwa, zilikuwa na chanzo kingine, kwa hiyo simulizi hiyo haiwezi kuchukuliwa kama taarifa ya tukio. Lakini inathibitisha kwamba tayari katika karne ya 8 watu wa baraza la mfalme waliiona desturi ya kuwazika walio hai kuwa ni ukatili wa wahenga.

Katika karne za vita vya ndani, samurai aliyemfuata bwana wake kwa kawaida alifanya hivyo katika uwanja wa mapambano, baada ya kushindwa. Ajabu ni kwamba desturi hii ilishamiri hasa pale vita vilipokoma. Chini ya utawala wa ukoo wa Tokugawa, ambao viongozi wake, walioitwa shogun, waliiongoza nchi kijeshi tangu mwaka 1603, mabwana wa majimbo walianza kufa vitandani kwa uzee na maradhi, na watumishi wao, ambao hawakuwa tena na nafasi ya kuonyesha uaminifu kwa kupigana, waliuonyesha kwa kufa. Date Masamune alipofariki mwaka 1636, watumishi 15 walimfuata. Hosokawa Tadatoshi wa Kumamoto alipofariki mwaka 1641, walimfuata 19. Na shogun Tokugawa Iemitsu alipofariki mwaka 1651, miongoni mwa waliomfuata walikuwamo maofisa wa ngazi ya juu kabisa wa serikali yake.

Tendo hilo lilikuwa na taratibu zake, na bila kuzifahamu taratibu hizo ni vigumu kuona umbali uliopo kati yake na kifo cha Sensei. Mtumishi alipaswa kuomba ruhusa kwa bwana wake kabla bwana hajakata roho, na aliyekufa bila ruhusa alihesabiwa kuwa amekufa bure, wakati aliyeruhusiwa alizikwa karibu na bwana wake na familia yake ikaendelea kupata cheo na posho. Ndiyo maana watu wa karne hiyo hiyo ya 17 waligawa vifo hivyo katika mafungu matatu: kufa kwa wajibu, kufa kwa kushindana na wenzao waliokwisha kujiua, na kufa kwa biashara, yaani kwa kutarajia faida ya watoto. Mgawanyo huo una kejeli nzito ndani yake, na inafaa ukumbukwe kila inaposemwa kwamba Wajapani wa kale walikufa kwa usafi wa moyo usio na hesabu. Junshi ilikuwa tendo la hadharani, lenye mlengwa anayejulikana, ruhusa, mashahidi na malipo.

Mwaka 1663, wakati wa shogun wa nne, Tokugawa Ietsuna, serikali ilipiga marufuku desturi hiyo kwa kuitangaza kuwa tendo lisilo na maana, na miaka mitano baadaye ilidhihirisha kwamba haikuwa inatania. Mtumishi mmoja wa ukoo wa Okudaira alipomfuata bwana wake mwaka 1668, ukoo mzima uliadhibiwa kwa kuhamishiwa jimbo lingine na kupunguziwa mapato kutoka koku 110,000 hadi koku 90,000, koku ikiwa ni kipimo cha mchele cha takriban lita 180 kilichotumika kukadiria utajiri wa jimbo. Baada ya pigo hilo desturi ilififia. Yamamoto Tsunetomo, samurai ambaye mazungumzo yake yalikusanywa katika kitabu cha Hagakure na ambaye baadaye alifanywa kuwa nabii wa kifo cha uaminifu, mwenyewe hakumfuata bwana wake aliyefariki mwaka 1700, kwa kuwa sheria ilikataza. Alinyoa nywele, akawa mtawa wa Kibudha na akaishi karibu miaka 20 zaidi.

Kwa hiyo, Jenerali Nogi Maresuke alipojiua pamoja na mkewe Shizuko jioni ya tarehe 13 Septemba 1912, siku ya mazishi ya Mfalme Meiji, hakuwa akiendeleza mila iliyokuwa hai bali alikuwa akifufua mila iliyokuwa imekufa kwa takriban miaka 250. Nogi, aliyezaliwa mwaka 1849, alipoteza bendera ya kikosi chake katika uasi wa Satsuma wa mwaka 1877, na aliichukulia bendera hiyo, iliyotolewa kwa jina la mfalme, kuwa deni la aibu lisilolipika. Katika vita dhidi ya Urusi vya 1904 na 1905 aliongoza kuzingirwa kwa bandari ya Port Arthur, ambako makumi ya maelfu ya wanajeshi wa Japani waliuawa au kujeruhiwa, na wanawe wawili walikufa katika vita hivyo. Wosia wake, uliochapishwa magazetini, ulieleza kwamba tangu kupotea kwa bendera alikuwa akitafuta nafasi ya kufa na hakuipata.

Mapokezi ya kifo hicho hayakuwa ya sauti moja. Umati ulilia na kuhiji. Baadaye Nogi akajengewa mahekalu. Lakini waandishi vijana wa kundi la Shirakaba, waliozaliwa wengi wao katika miaka ya 1880 na waliojifunza kwa Tolstoy na kwa wachoraji wa Ulaya, walikiona kitendo hicho kuwa cha kizamani, na mmoja wao, Shiga Naoya, alimwita jenerali mpumbavu katika shajara yake. Mori Ogai, daktari wa jeshi na mwandishi aliyemfahamu Nogi, aliandika katika siku chache zilizofuata hadithi ya samurai anayeacha wosia kabla ya kumfuata bwana wake, lakini mwaka 1913 alitoa hadithi nyingine, Abe Ichizoku, ambayo inakirejea kifo cha Hosokawa Tadatoshi na kuonyesha jinsi kunyimwa ruhusa ya kufa kulivyoiangamiza familia nzima. Anayesoma hadithi hizo mbili kwa kufuatana anamwona Ogai akianza na heshima na kuishia katika shaka, na shaka hiyo ina thamani kubwa zaidi kwa mwanahistoria kuliko machozi ya umati.

Sambamba na kufufuka kwa kifo hiki cha kale, kulikuwa kumetokea kifo kingine kisicho na ukoo. Tarehe 22 Mei 1903, Fujimura Misao, mwanafunzi wa miaka 16 wa Shule Kuu ya Kwanza ya Tokyo, ambayo ndiyo iliyokuwa njia ya kuingilia Chuo Kikuu cha Kifalme, alijiua katika maporomoko ya Kegon, mkoani Tochigi, akiacha juu ya shina la mti maandishi mafupi yaliyotangaza kwamba ulimwengu haueleweki. Hakuwa na bwana wa kumfuata, hakuwa na aibu ya kijeshi, hakuwa na umaskini wala ugonjwa uliojulikana. Magazeti yalishindwa kumweka katika fungu lolote, na kwa muda mrefu baadaye yalizungumza juu ya vijana wa hanmon, yaani vijana wanaoteswa na maswali ya nafsi, huku serikali ikihangaika kuwazuia walioiga kitendo chake mahali hapo hapo.

Tukio hilo liliwagusa moja kwa moja watu wawili walioileta Kokoro duniani. Soseki, aliyekuwa amerejea kutoka London mwanzoni mwa mwaka huo na kuanza kufundisha Kiingereza shuleni hapo, alikuwa mwalimu wa Fujimura, na inajulikana kwamba alimkaripia darasani kwa kutotayarisha somo muda mfupi kabla ya kifo chake. Iwanami Shigeo, aliyekuwa mwanafunzi wa shule hiyo hiyo, alitikisika kiasi cha kuacha masomo kwa muda na kujitenga kisiwani katika Ziwa Nojiri. Ndiye aliyekuja kufungua duka la vitabu, na mwezi Septemba 1914 akaichapisha Kokoro kama kitabu, kwa jalada lililochorwa na Soseki mwenyewe. Si lazima idaiwe kwamba K ni Fujimura, kwa maana hakuna ulinganifu wa hivyo kati ya mwanafunzi na mhusika. Linaloweza kudaiwa ni kwamba mwandishi na mchapishaji walijua, kwa namna ambayo haikutoka vitabuni, jinsi kifo cha kijana kinavyowaacha walio hai na swali wasilo na pa kulipeleka.

Sehemu kubwa ya Kokoro ni riwaya ya makuzi, yaani riwaya inayomfuata kijana kutoka ujana wa masomo hadi kuingia katika majukumu ya utu uzima, isipokuwa kwamba ndani yake makuzi hayafiki yanakotarajiwa. K ni mtoto wa kasisi wa madhehebu ya Kibudha ya Jodo Shinshu, aliyepewa familia ya daktari imlee kama mtoto wake, jambo la kawaida kabisa katika Japani ya wakati huo, ambapo nyumba isiyo na mrithi ilimchukua mtoto wa nyumba nyingine. Soseki mwenyewe alilelewa na wazazi wa kupewa hadi alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi. Familia ya daktari ilimlipia K ili asomee udaktari, naye kwa siri akasoma mambo ya dini na falsafa, kisha akakiri kwa barua. Walezi wakamkatia msaada, na baba mzazi akamkana. Chini ya mfumo wa nyumba uliothibitishwa na Sheria ya Kiraia ya mwaka 1898, ambao ulimpa mkuu wa nyumba mamlaka makubwa juu ya kila aliyeandikishwa chini yake, kijana aliyekanwa na nyumba mbili alikuwa mtu asiye na mahali.

Mahali pa nyumba K aliweka wazo. Aliyajenga maisha yake yote juu ya juhudi ya kiroho, akaamini kwamba kila kinachoizuia njia hiyo kinapaswa kutupwa, hata mapenzi yasiyo na tamaa ya mwili. Inachekesha kidogo, na bila shaka Soseki alikusudia ichekeshe, kwamba mtoto huyu wa kasisi aliyapita madhehebu yake mwenyewe kwa ukali, kwa kuwa makasisi wa Jodo Shinshu huoa na kuzaa. Alisoma Biblia, akasema anakusudia kuisoma Qurani pia, na alifanya hivyo kama mtu anayetafuta kila mahali mfano wa watu waliojishinda. Sensei, ambaye naye alidhulumiwa urithi na baba yake mdogo na hakuwa na ndugu wa kumtegemea, alimhurumia, akamleta katika nyumba alimopanga, ya mjane wa ofisa wa jeshi mwenye binti mmoja. K akampenda binti. Akamweleza Sensei, ambaye alikuwa anampenda binti huyo huyo na hakusema.

Kilichofuata kinajulikana kwa karibu kila Mjapani aliyemaliza sekondari, kwa sababu tangu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia sehemu hiyo imekuwa ikiwekwa katika vitabu vya kiada. Wakitembea katika bustani ya Ueno, Sensei anamrudishia K maneno ambayo K mwenyewe aliwahi kumwambia, kwamba asiye na hamu ya kujiinua kiroho ni mpumbavu. K anajibu kwamba yuko tayari. Sensei anadhani utayari huo ni wa kumposa binti, anaingiwa na hofu, na kwa siri anamwomba mjane amwoze yeye. K anaarifiwa na mjane, siku mbili na zaidi zinapita bila yeye kusema lolote, kisha anajiua usiku, akiacha barua fupi isiyomlaumu mtu. Jambo la kutisha zaidi katika ukurasa huo ni kwamba Sensei anaisoma barua harakaharaka ili kuona kama ametajwa, na anapoona hakutajwa anashusha pumzi.

Usomaji wa kimapenzi unasimama juu ya mfuatano huo: posa, habari, kifo. Lakini riwaya yenyewe imetawanya ushahidi unaoudhoofisha. Miezi kadhaa kabla, katika safari ya rasi ya Boshu, Sensei alimshika K ghafla shingoni kwa nyuma wakiwa juu ya mwamba wa bahari, akamuuliza angefanya nini kama angesukumwa, na K, bila kugeuka, akamjibu kwamba ingekuwa vizuri, afanye hivyo. Usiku wa siku waliyotembea Ueno, kabla posa haijafanyika, K alifungua mlango wa karatasi uliotenganisha vyumba vyao, akaliita jina la mwenzake na kuuliza kama amelala. Na usiku wa kifo mlango huo ulikutwa umefunguliwa kwa kiasi kile kile. Barua yake inasema kwamba alikuwa mdhaifu na hana tumaini, na mstari wa mwisho, ulioonekana kuongezwa kwa wino uliobaki, unajiuliza kwa nini aliishi hadi wakati huo wakati alipaswa kufa mapema. Mtu anayesema hivyo hazungumzii habari ya juzi. Utayari alioutaja bustanini ulikuwa tayari ni wa kifo, na Sensei aliusikia vibaya kwa kuwa moyo wake mwenyewe haukuwa na nafasi ya kuwaza jambo jingine isipokuwa binti.

Sensei anakuja kulitambua hilo, lakini polepole. Katika wosia wake, anaomwandikia msimulizi kijana, anakiri kwamba mwanzoni alikiona kifo cha rafiki yake kuwa matokeo ya mapenzi yaliyovunjika, baadaye akaona ni mgongano kati ya wazo na hali halisi, na hatimaye, baada ya miaka ya ndoa isiyo na furaha, akaanza kushuku kwamba K alikufa kwa upweke, upweke ule ule aliokuwa anauhisi sasa ndani yake. Hatua hizo tatu ni historia fupi ya ufasiri ndani ya riwaya, na zina kasoro moja inayopaswa kuonekana wazi: kila hatua inamfanya K afanane zaidi na anayemfasiri. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake juu ya kujiua cha mwaka 1897, alitofautisha kifo cha mtu aliyefungamana mno na jamii yake, kama askari anayekufa kwa ajili ya kundi, na kifo cha mtu aliyekatika kutoka kwa kila kundi. Mgawanyo huo unamweka Nogi upande mmoja na K upande wa pili kwa urahisi unaotia mashaka, lakini unasaidia kuona kwamba Sensei, mtu wa upande wa K, alichagua kuondoka kwa mlango wa Nogi.

Namna alivyouchagua mlango huo inasimuliwa karibu kama mzaha. Mfalme anapofariki, Sensei anamwambia mkewe kwamba watu wa zama zao wamepitwa na wakati, na mke, kwa utani, anamwambia basi amfuate mfalme. Ndipo neno junshi, ambalo anasema alikuwa karibu amelisahau, linaporudi akilini mwake, naye anajibu kwamba kama angefanya hivyo angeifuata roho ya zama za Meiji. Kisha zinakuja habari za Nogi, na Sensei anapiga hesabu ya miaka 35 kati ya 1877 na 1912, akijiuliza ni kipi kilichokuwa kichungu zaidi kwa jenerali, kuishi miaka hiyo au kufa. Hapo ndipo anapopata ndugu. Hakumwona Nogi kama mtumishi wa mfalme. Alimwona kama mtu aliyebeba deni la aibu kwa miaka mingi akitafuta nafasi, na deni lake mwenyewe lilikuwa K. Lakini roho ya zama si bwana anayeweza kuombwa ruhusa, na kifo cha Sensei hakikuwa na shahidi wala kaburi la kuzikwa kando yake. Karibu kila kilichoifanya junshi kuwa junshi katika karne ya 17 hakipo. Limebaki jina, na jina hilo lilimpa mtu wa kisasa heshima ambayo kifo cha K, kilichosafishwa kimyakimya na kuzikwa katika makaburi ya Zoshigaya, hakikupewa.

Je, Soseki aliamini jina hilo? Wapo wachambuzi waliodai kwamba aliandika riwaya yake kama rambirambi kwa Nogi na kwa Meiji, na ni kweli kwamba aliguswa. Lakini tarehe 25 Novemba 1914, miezi michache baada ya sehemu ya mwisho kutoka gazetini, alikwenda Gakushuin, shule ya watoto wa makabaila ambayo Nogi alikuwa mkuu wake hadi kifo chake, akatoa mhadhara juu ya ubinafsi wenye wajibu, yaani haki ya mtu kufuata njia yake mwenyewe mradi aheshimu haki hiyo kwa wengine, na akatahadharisha dhidi ya kuitangaza nchi kuwa kipimo cha kila tendo. Mtu anayezungumza hivyo katika ukumbi huo, miaka miwili tu baada ya msiba, hakuwa amempa jenerali neno la mwisho.

Anayesalia ni mke. Shizuko wa Nogi alikufa pamoja na mumewe. Shizu wa Sensei, yule binti wa mjane, ambaye jina lake linakaribiana mno na la mke wa jenerali kiasi kwamba ni vigumu kuamini ni bahati tu, anaachwa hai na kunyimwa maelezo, kwa kuwa Sensei anaagiza kwamba maadamu mkewe yu hai asiambiwe chochote, ili kumbukumbu yake ya zamani ibaki safi. Kwa miongo mingi agizo hilo lilisomwa kama huruma. Mwaka 1985 mchambuzi Komori Yoichi alilipindua swali kwa kutazama mustakabali wa kijana msimulizi na mjane huyo baada ya wosia kufunguliwa, akazua mabishano makali kati ya wasomi wa fasihi wa Japani, na ingawa baadhi ya makisio yake yanakwenda mbali kuliko matini inavyoruhusu, yaliwalazimisha wasomaji kurudi kwenye sehemu ya kwanza ya riwaya. Huko Shizu anamsimulia msimulizi juu ya rafiki wa mumewe aliyekufa kifo kisicho cha kawaida, na anamuuliza kama mtu anaweza kubadilika kiasi kile kwa kufiwa na rafiki mmoja tu. Kijana wakati huo hajui la kumjibu. Anapokuja kujua, amefungwa na agizo, na bado ameuweka wosia wote mbele ya wasomaji wa gazeti, ambapo mwanamke aliyeuliza swali hilo, kama yu hai, angeweza kuusoma pamoja nao.